Kamati za amani zianzie sokoni

Mhariri,

Kamati nyingi za amani hapa Kenya hudorora kwa kuwa huundwa kutoka juu: wajumbe huteuliwa kwa barua, wakangojea posho. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, koo zilipokuwa zikipigana, watu walianzia sokoni. Mwaka 1993 wanawake, akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walisimamia soko ili mama wa ukoo wowote auze na kununua bila kubaguliwa. Kisha wakawaendea wazee, halafu vijana. 1995 serikali ikaingia kupitia kamati ya wilaya. Mifugo ikiibwa, wazee, kina mama na maafisa walifika upesi, kabla uvumi haujazaa kisasi. Leo mara nyingi taarifa hupatikana mapema, ila gari la kuwafikisha huko halina mafuta. Bajeti za kaunti zitenge mafuta kwanza. Semina za hotelini zingoje.

Msomaji wako,
Garissa