Bastola ya shabaha haihitaji kuogeshwa mafuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wa mchezo wa kulenga shabaha, hasa wenye bastola za .22 (zenye tundu la mtutu la takriban inchi 0.22) ambao huzisafisha wenyewe nyumbani. Bastola nyingi zinazopoteza usahihi hazikuchakazwa na ufyatuaji. Risasi ya .22 ya mashindano ni laini, kichwa chake hakikuvikwa shaba, kimepakwa nta au grisi, na huenda chini ya kasi ya sauti. Mtutu mzuri huhimili makumi ya maelfu ya risasi za namna hiyo. Kinachouharibu ni ufito wa kusafishia unaosuguliwa mdomoni mwake, na kinachozorotesha mitambo mingine ni mafuta yanayomiminwa kila palipo na tundu.

Kwanza usalama, na hapa hakuna njia ya mkato. Toa magazini, yaani kasha la risasi. Vuta nyuma bolti, kile kipande kinachofunga mtutu kwa nyuma, ishikize hapo, mulika kwa tochi chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa ikifyatuliwa, halafu iangalie tena. Tundu la .22 halipitishi kidole, kwa hiyo pitisha uzi wa plastiki wa usalama, ule unaotumika mashindanoni, hadi utokeze mdomoni. Risasi zote zikae chumba kingine, zimefungiwa, hata moja isiwe mezani. Watoto wasiwepo.

Sasa, uchafu unakaa wapi? Katika bastola nyingi za aina hii, ganda lenyewe ndilo linaloisukuma bolti nyuma. Chemba hufunguka moshi ungali ndani, na masizi yaliyochanganyika na nta na vumbi la madini ya risasi (ledi) hutua usoni mwa bolti, chini ya ukucha wa kuvutia ganda, na kwenye kile kimteremko ambacho risasi hupandia kuingia chemba. Hapo ndipo pa kusafishwa kila baada ya mazoezi, na kazi yenyewe haizidi dakika kumi: mswaki wa nailoni, matone machache ya dawa ya kusafishia bunduki, kijiti cha mbao kilichochongwa ncha cha kukwangulia chini ya ukucha, kisha kitambaa kikavu. Bisibisi usiiguse kwa kazi hii. Ukucha uliojaa uchafu haushiki ukingo wa ganda barabara, hivyo ganda hubaki ndani, au hutoka nusu likabanwa na bolti. Wengi hukimbilia kubadili springi, kumbe ni utando mweusi mwembamba kama karatasi.

Chemba nayo ina dalili yake. Ikiwa risasi haifyatuki kwa pigo la kwanza lakini inafyatuka kwa la pili, usiilaumu risasi haraka. Chemba yenye utando hairuhusu ganda kuingia hadi mwisho, kwa hiyo nguvu ya pigo la kwanza huishia kulisukuma ganda mbele badala ya kuponda ukingo wake na kuwasha baruti. Tumia brashi fupi ya shaba nyeusi ya saizi ya .22, izungushe chembani mara chache, kisha kausha kwa kitambaa. Chemba iachwe kavu kabisa. Ganda linapofyatuka hutanuka na kung'ang'ania ukuta wa chemba. Ukuta ukiwa na mafuta, ganda huteleza na kuipiga bolti kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa.

Mtutu ndio unaosafishwa kupita kiasi. Wapo wanaoupitishia brashi kila siku ya mazoezi, na wapo wasiougusa maelfu ya risasi. Kwa maoni yangu, kila baada ya risasi 300 hadi 500 panatosha, au mapema zaidi matundu kwenye shabaha yakianza kutawanyika bila sababu. Bastola nyingi za shabaha zina mtutu usiofunguka kutoka kwenye mwili wake, na ufito hauwezi kuingilia nyuma. Basi tumia uzi mnene wa nailoni: uingize chembani, utokeze mdomoni, uvute kitambaa cha pamba kwa mwelekeo uleule ambao risasi hupita. Cha kwanza kiwe na dawa. Subiri dakika kumi, kisha vuta vikavu viwili au vitatu. Basi.

Ukilazimika kuingiza ufito kupitia mdomoni, uwe wa kipande kimoja, uliovikwa plastiki au wa nyuzi za kaboni, na uvishe mdomo wa mtutu kiongozi kinachouweka ufito katikati. Ufito wa kuunganishwa vipande hupinda, na viungo vyake vina kingo zinazokwangua. Wa aluminiamu hunasa chembe za mchanga zikageuka msasa. Ukingo wa mdomo ndio kitu cha mwisho kuguswa na risasi. Ukilika upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na kusukuma kitako cha risasi kabla haijaachana na mtutu, na hakuna usafi utakaorudisha hali hiyo. Ni kazi ya fundi kuukata upya. Brashi ikiwa ndani usiigeuzie njiani. Ipite yote, itoke, ndipo uirudishe.

Michirizi ya kijivu mbele ya chemba ni madini ya risasi, na pamba haiitoi. Viringisha nyuzi chache za sufu ya shaba kwenye brashi kuukuu, upitishe mara tano au sita. Zijaribu kwanza kwa sumaku: zikinata, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, zitupe. Dawa zenye amonia hazina kazi hapa. Zilitengenezwa kuyeyusha shaba ya risasi zilizovikwa, ambayo .22 ya mashindano haiachi, na zinaweza kubabua sehemu zilizopakwa nikeli.

Tahadhari kwa washindani: mtutu uliotoka kusafishwa haupigi sawa na ulivyokuwa. Usiusafishe usiku wa kuamkia mashindano, ama upange kufyatua risasi tano hadi kumi za kuutuliza kabla ya zile za kuhesabiwa.

Mafuta, sasa. Tone moja kila upande wa reli za bolti, ulisambaze kwa kidole hadi libaki ng'aro tu. Nje, kitambaa chenye unyevu wa mafuta kinatosha kuzuia kutu na chumvi ya jasho. Njia ya pini inayopiga ganda iwe kavu, kwa sababu mafuta humo hukamata masizi, yakawa gundi, na pini ikapiga kwa uvivu. Magazini iwe kavu pia. Mpini wa mbao usifikiwe na dawa wala mafuta, maana mbao hunywa na kulegea kwenye skrubu. Triga, yaani kifyatulio, usiifungue. Sheria za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, zinataka bastola ya mita 25 iwe na uzito wa triga (nguvu ya kuivuta) usiopungua gramu 1,000, na uchafu au mafuta yaliyopenya humo yanaweza kuubadilisha. Upime kwa jiwe la uzani kila baada ya usafi. Usijaribu triga kwa kufyatua kavu, yaani bila risasi, isipokuwa bastola yako ina kifaa cha kazi hiyo, kwani katika baadhi ya bastola pini ya .22 hugonga ukingo wa chemba na kuubonyeza.

Wenye bastola ya upepo ya mita 10 wasifuate haya niliyoandika kuhusu mafuta. Mafuta ya kulainishia yatokanayo na mafuta ghafi yakikutana na hewa iliyoshindiliwa kwa shinikizo la bar 200 yanaweza kuwaka. Mipira ya kuzuia hewa hupakwa grisi ya silikoni, mtutu husafishwa kwa vidonge vya sufu, na tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye mtungi huheshimiwa.

Lililo zito kuliko yote ni vumbi lenyewe. Lina madini ya risasi, na kwa watoto wadogo hata kiasi kidogo ni sumu. Meza ya kulia chakula si mahali pake. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, tandika magazeti, vaa glavu za nitrili, usile wala kuvuta sigara. Usipulize masizi kwa mdomo wala kwa pampu, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Vitambaa vilivyotumika vifungwe kwenye mfuko, mikono ioshwe kwa sabuni, na nguo zifuliwe peke yake.

Kwa sababu hiyo nawaomba viongozi wa klabu watenge meza moja ya kusafishia pale pale uwanjani, yenye jiwe la uzani la kupimia triga, uzi wa nailoni na pipa lenye kifuniko, ili kazi kubwa ya vumbi ifanyike huko, na nyumbani ibaki kupaka lile tone la mafuta tu.

Wako,
Mlengaji shabaha