Taarifa ya mwenyekiti: mashine inaposti, sisi tunauliza

Ndugu wanachama, habari za huko mliko, Mbeya mjini, Tukuyu, Kyela hadi Tunduma. Ya vikao anayo katibu na ya fedha mweka hazina atasoma mwenyewe, mimi nataka tuongee kazi yetu ya hesabu inakoelekea.

Wengi tulianza na leja na kalkuleta, mashine za EFD, hizi za kutolea risiti, zilivyoingia 2010 tukadhani mabadiliko ndo hayo yameisha, kumbe ndo kwanza. Sa hivi ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, unaituma mtandaoni, malipo ya serikali ni kwa kontrol namba, na kuna programu zinavuta miamala ya simu na benki zinaposti zenyewe, yaani zinaiingiza kwenye vitabu vya hesabu. Ile kazi ya kunakili iliyotulipia kodi za nyumba inaondoka, tusidanganyane.

Ila mwezi wa tatu binti mmoja, mwanachama wetu, alinijia na hesabu za mama anayeuza mchele Mwanjelwa, statimenti ya simu imesomwa vizuri, urari umekubali, yaani pande mbili za hesabu zimelingana, lakini mauzo ya Februari yamezidi ya Julai iliyopita. Akasema mwenyekiti haiwezekani, Februari mpunga wa Kyela bado uko shambani, huo mchele wote kautoa wapi? Tukampigia mama, kumbe ulikuwa mkopo wa vikoba uliingia kwenye simu, programu ikauita mauzo, na angekuja kuulipia kodi! Jamani nilifurahi sana. Programu haijui msimu wa mpunga, yule binti anaujua, na hapo ndo tunapotakiwa kuwa wazuri sasa.

Mama huyo huyo risiti zake alikuwa nazo kwenye mfuko wa rambo karibu na jiko, nusu zimekuwa nyeupe kabisa maana karatasi ile inafifia kwa joto, na sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5. Naombeni wafundisheni wateja wapige picha risiti siku hiyo hiyo. Na paswadi za wateja msiziandike kwenye daftari la mezani, nimeziona kwa zaidi ya mmoja na iliniuma.

Kuanzia mwezi ujao kila Jumamosi ya kwanza tutakutana, vijana watuoneshe programu, sisi wakongwe tuwaoneshe kuisoma hesabu inayonuka. Kaka na dada zangu wa siku nyingi msione haya. Mwenye laptopu aje nayo, asiye nayo aje hivyo hivyo, tutakaa wawili wawili.