Wazee wanaficha kwamba bei ya dawa imewashinda, na kuficha huko kunaongeza gharama

Mhariri,

Kila bei ya dawa ikipanda nasoma ushauri uleule kwa wazee, panga bajeti, punguza matumizi, weka akiba, kana kwamba mtu aliyestaafu alikuwa anasubiri kuambiwa hayo. Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo naona linapitwa, na nalisema kama mtu ninayemtunza mzazi mwenye presha na sukari, sio kama mtaalamu. Wazee wengi dawa zikiwashinda bei hawamwambii daktari. Wananyamaza. Dawa ya asubuhi na jioni inakuwa ya asubuhi tu, ya mwezi mmoja inavutwa ifike miwili, halafu siku ya kliniki wakiulizwa mzee dawa unameza, jibu ni nameza daktari, vizuri kabisa. Nani anataka kukiri mbele ya kijana mwenye umri wa mjukuu wake kwamba hela imeisha?

Sasa angalia kinachofuata. Daktari anapima presha anakuta iko juu, kwenye faili imeandikwa mgonjwa anameza dawa zote, kwa hiyo anaona dawa haitoshi na anaongeza dozi au anaandika nyingine juu yake. Mzee aliyeshindwa kununua dawa 3 anatoka pale na cheti cha dawa 4! Na siku watoto wakichanga zikanunuliwa zote akaanza kuzimeza kama zilivyoandikwa, presha inaweza kushuka sana, anasimama usiku kwenda chooni kizunguzungu kinampiga anaanguka, na mtu wa umri ule akivunjika nyonga hapo tena hatuongelei bei ya vidonge. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2003 kwamba hata kwenye nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya kudumu ndio wanaomeza dawa kama walivyoandikiwa, sababu ziko nyingi lakini hela ni mojawapo, kwa hiyo hili sio la mzee mmoja mkaidi.

Kitu kingine ni ule urefu wa cheti wenyewe. Dawa zinaingia, hazitoki. Chukulia mgonjwa amepewa amlodipine ya presha, ni dawa nzuri na ya zamani, ila inajulikana kwamba miguu inaweza kuvimba, basi miguu inavimba, anaenda kwa daktari mwingine asiyejua habari za huyu wa kwanza, anapewa dawa ya kutoa maji mwilini, hiyo nayo inaweza kupandisha asidi ya yuriki, ile inayoleta ugonjwa wa jongo, kidole gumba cha mguu kinaanza kuwaka, anapewa dawa za maumivu kama diclofenac ambazo zenyewe zinapandisha presha na kuumiza figo, na huyo anarudi tena kule kwenye presha. Hapo kila daktari ametibu alichokiona lakini hakuna aliyetazama mfuko mzima wa dawa, na mzee analipia kila hatua kumbe pengine kilichohitajika ni kubadilisha ile ya kwanza tu. Marekani tangu 1991 kuna orodha inaitwa Beers, ya dawa ambazo mtu mzima sana inabidi aziepuke au azitumie kwa tahadhari, na bado inafanyiwa marekebisho, maana mwili wa mtu wa miaka 75 hauchuji dawa kama wa miaka 40. Kwa hiyo kubeba dawa ZOTE, pamoja na zile za kujinunulia mwenyewe na za mitishamba, kuzimwaga mezani kwa daktari au mfamasia na kuuliza moja moja hii ni ya nini na bado naihitaji, hiyo naona inaokoa hela kuliko kuzunguka famasi kulinganisha bei. Dawa ya tumbo kama omeprazole kwa mfano, watu wengi waliandikiwa ya wiki chache wakaendelea miaka.

Halafu kuna suala la majina. Dawa mpya inalindwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi, na chini ya makubaliano ya biashara ya dunia ya mwaka 1995 ulinzi huo ni angalau miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, muda huo kampuni nyingine haziruhusiwi kuitengeneza bila idhini na hapo bei inapangwa na mwenye nayo. Ukiisha wengine wanaingia na bei inashuka. Metformin ya sukari imetumika kwa watu tangu miaka ya 1950, haina mwenyewe siku nyingi, lakini kuna wazee wanalipia jina la kampuni kwenye boksi kwa sababu ndilo walilozoea, na ukiwaambia chukua hii nyingine wanakuambia hiyo ni feki. Sio feki bwana. Ili isajiliwe lazima ionyeshe kwamba inaingia kwenye damu kwa kiwango kinacholingana na ile ya mwanzo. Feki zipo kweli, nyingi tu, ndio maana ununue kwenye famasi iliyosajiliwa na sio kwa mtu wa mtandaoni asiyejulikana, lakini tusichanganye feki na rahisi. Insulini ndiyo inanikera zaidi, watafiti waliigundua kule Toronto, Kanada, mwaka 1921 na haki yake wakakiuzia chuo kikuu cha hapo kwa dola moja moja ili isije ikawa mali ya mtu, leo kuna wagonjwa wanaibania. Zile za zamani huwa na bei nafuu kuliko mpya, ila muda wake wa kufanya kazi ni tofauti kwa hiyo kubadilisha ni mpaka daktari apange upya dozi.

Na jamani kukata vidonge. Kuna vinavyokatwa vizuri na daktari anaweza hata kukuandikia kikubwa ukate nusu, inasaidia. Ila vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole ukikikata dozi yote inaweza kuingia kwa mkupuo, uliza kwanza. Atenolol na wenzake, dawa za presha na moyo, usiache ghafla eti unasubiri pensheni, moyo unaweza kugeuka vibaya, kama hela ni ya dawa moja tu nenda ukaulize ni ipi isikose, usichague mwenyewe kwa kuangalia ipi ni rahisi.

Ombi langu kwa wanaosimamia kliniki ni dogo. Pale mapokezi wanapopima uzito na presha, waongeze swali moja, kuna dawa mwezi huu umeshindwa kununua? Liulizwe kwa kila mtu, mwenye bima na asiye na bima, ili mzee asione kama amesomwa usoni, na jibu liandikwe kwenye faili kabla hajaingia kwa daktari.

Msomaji wako.