Paa linavuja, lakini silikoni hatupaki

Kuna sauti ya WhatsApp imezunguka kwenye kundi la madereva wa watalii hapa Malindi. Mteja mmoja asema alileta gari lake la Hiace karakana kwetu, paa lavuja, akaambiwa shilingi 38,000, ilhali fundi wa karibu na kwake amemtajia 3,000 na angemaliza kabla ya adhuhuri, yaani twanyonya watu. Jina hatulitaji, mwenyewe anajijua, na karakana yetu iko wazi kwake kama kawaida. Maneno yake si mageni. Kila masika yakikaribia twaambiwa yale yale: pale pana tundu dogo tu, pigeni ile gundi ya silikoni, nina wageni wa Tsavo kesho alfajiri.

Basi tueleze kazi yenyewe ilivyo, halafu atakayeona ni ghali aone hivyo akijua analipia nini.

Tuanze na hili, maana ndilo chanzo cha mabishano mengi: maji yanapodondokea sipo yanapoingilia. Chini ya bati la paa kuna mbavu za chuma, na kati ya bati na ile dari ya kitambaa kuna nafasi. Maji yakishapenya huteleza na ubavu, yakafuata waya wa taa, yakaenda kutokea yanakotaka yenyewe. Liliwahi kuletwa gari hapa likimdondokea dereva mapajani. Lilikuwa limeshapakwa silikoni kukizunguka kioo cha mbele chote, tabaka juu ya tabaka, hata raba haionekani. Tulipovua dari tukakuta mchirizi wa kutu umeanzia nyuma kabisa, kwenye tundu la bolti ya keria, ile fremu ya mizigo juu ya paa, ukaja mbele mstari mmoja hadi juu ya usukani. Gari hilo lilikuwa likilala mtaa wa Maweni kwenye kiteremko, pua chini. Wiki moja liliegeshwa pua juu, maji yakaenda kudondokea kiti cha nyuma, na mwenyewe akamshukuru Mungu kwamba silikoni imeshika.

Sisi hupima kwa mpira wa maji, tukianza chini kwenda juu: kioo kwanza, kisha kile kijifereji cha maji pembeni mwa paa, kisha mishono, keria mwisho. Mmoja yuko juu na mpira, mwengine amelala ndani na tochi na chaki, dari imeshatolewa. Maji yakionekana, anapiga alama na kupiga kelele. Ukimwagia paa zima kwa mpigo utajua kwamba gari linavuja, jambo ambalo ulikuwa unalijua tangu mwanzo. Kuvua dari bila kuikunja, kutoa taa, kutoa keria ambayo bolti zake zimeshikana kwa kutu, kisha kumwagia sehemu moja moja na kusubiri: hapo nusu siku imekwenda na hakuna kilichotengenezwa bado. Mteja akipita aona watu wawili na mpira wa maji, hudhani twaosha gari.

Halafu kuna chumvi, nayo haina mzaha. Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Chumvi huharakisha mambo, na juu ya hayo huvuta unyevu wa usiku, bati likaamka limelowa hata kama hakukunyesha. Upepo wa kusi waleta ukungu wa bahari hadi ndani ya mji, na anayeegesha ufuoni anajiongezea mwenyewe. Tumeona magari yaliyobeba magunia ya chumvi ya Gongoni juu ya keria, na mengine yakileta samaki kutoka Ngomeni ndani ya masanduku ya barafu, barafu ikayeyuka njia nzima na yale maji ya samaki yakateremka kwenye kijifereji. Ukiliangalia gari la namna hiyo kwa nje, rangi bado yang'aa. Ukipitisha bisibisi kwenye mshono, yazama kama kwenye mkate uliolowa.

Upande wa pili ni vumbi. Njia za ndani ya hifadhi ya Tsavo, ukishapita lango la Sala, zina vumbi jekundu laini linaloingia kila mahali. Likijaa kwenye kijifereji na kwenye vitundu vya kutolea maji, likachanganyika na chumvi, linakaa pale na unyevu wake wiki nzima. Dereva huosha milango, vioo na magurudumu, kwa sababu ndivyo vitu ambavyo wageni huona. Juu hapandi mtu.

Sasa silikoni yenyewe. Ile ya bei rahisi ya madukani ikiwa yakauka hunuka siki. Harufu hiyo ni asidi ya siki kweli, na ukiipaka juu ya chuma kilicho uchi, asidi huanza kazi palepale. Ziko silikoni nyengine zisizotoa asidi, na ziko gundi za poliyurethani za mishono ya magari, ambazo ndizo tunazotumia, lakini bei yake si ile ya bomba la kuzibia sinki la jikoni. Tabu nyengine ni kwamba silikoni ikishapita juu ya bati, hakuna kingine kinachoshika hapo. Rangi haishiki, praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, haishiki, hata silikoni mpya juu ya ya zamani haishiki sawasawa. Lazima ikwanguliwe yote, kisha pafutwe na dawa, kisha papigwe msasa. Katika ile bili ya 38,000 inayotangazwa, 6,000 ilikuwa ya kuondoa silikoni za mafundi waliotangulia. Mteja alilipia kuwekwa, sasa alipia kuondolewa, na hasira zote zatuangukia sisi.

Na mara nyingi silikoni huziba mahali maji yalipokuwa yakitokea, si yanapoingilia. Gari laacha kuvuja kwa muda kwa sababu maji yamebaki ndani ya mbavu. Mwenye gari afurahi. Mbavu nazo zaliwa kimyakimya.

Wengine hupaka lami ya paa la nyumba. Jua la Februari laiyeyusha, yateremka kwenye kioo. Tuishie hapo.

Fila, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati kabla ya rangi, ndiyo inayotukera zaidi, kwa sababu hupendeza macho. Lililetwa gari la watalii lenye paa la kuinuka wageni watazame wanyama, limenunuliwa karibuni, jeupe kama yai. Pembe ya kushoto ya nyuma ilikuwa yavuja kidogo. Tukagonga kwa mpini wa bisibisi: bati lililia, lililia, kisha sauti ikafa. Tulipokwangua rangi tukakuta fila, chini ya fila kipande cha gunia la saruji kilicholoweshwa gundi na hadina, ile dawa ya kuigandisha, chini ya gunia hakuna kitu, mkono wapita hadi kwenye dari. Mkono wa aliyepiga rangi ulikuwa mzuri, hilo hatumnyimi. Lakini fila hunywa maji, na kazi yake ni kusawazisha bati kwa unene wa milimita chache, si kuwa bati. Njia za Tsavo zina makunyanzi mfululizo. Gari likitetemeka kutwa nzima, fila yapata ufa mwembamba kama unywele, maji yaingia, na kutu huanza upya chini yake mahali hapaonekani. Kutu hutanuka kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi huvimba vipele. Ukiona kipele kimoja juu ya paa, usikitumbue na kupaka rangi ya brashi. Kilicho chini yake ni kikubwa kuliko chenyewe.

Tunachofanya sisi ni kukata. Kutu yote yakatwa hadi chuma kinachong'aa, na hapo ndipo mteja aliyekuja kutazama hushtuka, maana tundu alilotuonyesha lilikuwa la ukubwa wa shilingi na sasa kiganja chapita. Bati la paa ni jembamba, chini ya milimita 1, kwa hiyo hatulichomelei kwa mstari mmoja. Ukilichoma mfululizo lapata moto, lajikunja, labaki na bonde, na mvua ikija maji yakaa hapo. Twachoma nukta moja huku, nyengine kule, twasubiri lipoe, twarudi. Penye uwanda mpana twatumia kiraka cha kubandika kwa gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili, badala ya moto.

Kabla ya praima twaliosha bati kwa maji matamu, na hapa kuna mzee mmoja alituuliza mbele ya watu, "Vijana, hata maji mwanitoza?" Naam, mzee wetu, hata maji. Visima vingi vya huku vina chumvi. Ukisuuza bati kwa maji ya kisima umeipaka chumvi chini ya rangi kwa mkono wako mwenyewe. Twatumia maji ya bomba yanayotoka mtambo wa Baricho, na yakikatika twanunua, au kazi yangoja. Bati likikauka, praima ya epoksi yapigwa siku ileile. Chuma kilicho uchi kikilala usiku mmoja Malindi, asubuhi kimeshapata wekundu. Umande wa alfajiri nao hatupulizi rangi ndani yake, kwa hiyo usitupigie simu saa moja asubuhi kuuliza mbona hatujaanza. Baada ya hapo ni gundi ya mishono, rangi, na upande wa ndani wapakwa pia, ndani ya mbavu, ambako wewe hutaona kamwe.

Siku hizi twapata pia magari ya kulala. Wageni, na vijana wetu wa hapa nao, wachukua Hiace, watia kitanda, jiko, sola juu. Kazi nzuri, ila sola twaikuta imepigwa skrubu za mabati ya nyumba, moja kwa moja kupenya paa. Kila tundu hapo ni chuma kilicho uchi pembezoni, na ile washa ya raba, kipete cha chini ya skrubu, yapasuka kwa jua muda si mrefu. Wengine wajitahidi wanunue bolti za stenlesi wakidhani ndiyo salama kabisa. Bolti yenyewe haishiki kutu, kweli, lakini metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja yaliwa kwa haraka zaidi, na hapo inayoliwa ni bati lako. Kama huna budi kutoboa, ukingo wa tundu upakwe praima, pawekwe washa ya plastiki katikati, na gundi ijae hadi itokeze pande zote. Au sola ifungwe juu ya keria iliyoshika kwenye kijifereji, paa lisiguswe kabisa.

Mmoja wa hao alikuja akiapa paa lavuja kila usiku. Tulimwagia maji hadi tukachoka, ndani pakavu. Lilikuwa jasho. Watu wawili walala humo vioo vimefungwa kwa ajili ya mbu, wapika chai humo humo, pumzi na mvuke wagonga bati lililopoa na kudondoka. Tulimtoza ukaguzi tu, 2,500, tukamwambia atie wavu kwenye dirisha na afungue tundu la hewa. Lakini tulibandua pia ubao mmoja wa dari na kumwonyesha: nyuma ya ubao bati lilikuwa limeshaanza kutu kutoka ndani, na huko mvua haijawahi kufika.

Na raba za paa la kuinuka. Hizi ndizo kazi rahisi, na ikiwa ni raba tu twakwambia ni raba tu. Jua laikausha, yawa ngumu, haikumbatii tena. Tafadhali msizipake grisi wala dizeli ziwe laini. Zavimba, zalegea, na baada ya muda zakatika. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, zikauke, upake poda kidogo. Kopo la poda ya mtoto latosha msimu mzima.

Kuhusu bei hatuna la kuficha. Ukaguzi ni 2,500, na ukikubali kazi twaukata kwenye bili. Kinachobaki ni bati, gesi, diski za grainda, epoksi ya makopo mawili, gundi ya mishono, rangi, na mikono ya watu wawili. Twaandika kila kitu kabla ya kuanza. Tukikata tukakuta makubwa kuliko tulivyoandika, twakupigia simu na kukutumia picha, hatuendelei hadi useme. Dhamana yetu ni masika mawili, na yavunjika siku utakapotoboa paa kufunga taa au bango bila kutuambia. Na yako magari tunayoyakataa: kijifereji kikiwa kimeliwa upande mzima na vichwa vya nguzo zinazobeba paa vimelainika, paa hilo halina pa kushikia kiraka, na kuchukua pesa zako hapo ndiko kungekuwa kunyonya.

Twajua hadi Machi magari yako kazini na wageni, na mvua zikianza Aprili kila mtu aja siku moja. Ukiweza, lilete gari siku mbili kati ya safari na safari, hata kwa ukaguzi tu. Toa mizigo na magodoro. Usipake chochote juu ya paa wiki hiyo, na ukiosha gari, paa liache lilivyo: mchirizi wa vumbi jekundu hutuonyesha njia ya maji bila ya mpira, na ile nusu siku twaipunguza kwenye bili.