Hamisi, hapa ungefaa wewe

Tanga,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam sana. Huku wazima, ila mvua imetukalia, na Bibi kila siku anauliza kama umeshaoa. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Nakuandikia kwa ajili ya jana usiku. Nimepata filamu ya kauboi ya mwaka 1926, The Great K & A Train Robbery, ya mwigizaji Tom Mix. Haina sauti kabisa. Mtu akifungua mdomo, picha inakatika, yanakuja maandishi ya Kiingereza, kisha wanaendelea. Watoto walijaa mkekani, na haikupita dakika, mmoja akaniuliza, "Anko, TV imeharibika?"

Nikakukumbuka wewe na kipaza sauti chako pale kibanda umiza cha video, ukiwasemea Wachina wa kwenye filamu hadi tunasahau kwamba Kichina chenyewe hujui hata salamu. Ikabidi nishike nafasi yako.

Nikaanza: stelingi ni mpelelezi, kaajiriwa na mkubwa wa reli kwa sababu treni zinaporwa kila mara. Yuko kwenye genge la mlima ananing'inia, anawasikiliza majambazi wakipanga njama. Wakamwona! Basi jamaa akateleza na kamba kutoka juu kabisa hadi bondeni, na huko chini farasi wake, Tony, kasimama anamngoja. Huyoo, wakatimka! Watoto walipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Na usidhani ni kompyuta, Hamisi. Genge ni genge la kweli, Glenwood Canyon kule Colorado, mto unapita chini yake, na Mix alikuwa na sifa ya kufanya mwenyewe mambo mengi ya hatari.

Baadaye anajifanya jambazi, na binti wa yule mkubwa anampenda hivyo hivyo. Kumbe msaliti yumo ndani: katibu wa baba, anayemtaka huyo huyo binti. Hapa niliharibu. Katibu nilimpa sauti nzito ya adui, watoto wakamshtukia papo hapo. Wewe ungempa sauti nyororo, ya mtu wa heshima zake.

Ni bahati kwamba filamu hii ipo. Mikanda ya zamani ilikuwa ya naitreti, aina ya plastiki inayoshika moto upesi, na ikioza hutoa gesi inayoweza kuwaka yenyewe. Julai 1937, wakati wa joto kali, ghala la filamu la kampuni ya Fox lililokuwa Little Ferry, New Jersey, liliteketea, na kazi nyingi za Mix zikaishia humo.

Bibi alikaa kimya mwanzo mpaka mwisho, nikajua kasinzia. Taa ilipowashwa akauliza, "Na yule farasi, naye walimlipa?" Sikuwa na jibu.

Nimekuwekea kwenye flashi. Ukija Idi, katibu ni wako. Mimi nitabaki na farasi.

Nduguyo,
Salimu