"Bei njoo inboksi" inatufukuzia wateja

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wenye biashara ndogo ndogo, maana kazi yangu ni kutengeneza matangazo ya watu kama hao na kuna mambo nikiyaona roho inaniuma kabisa.

Kubwa kuliko yote ni hili la kuficha bei. Juzi nilikuwa natafuta begi la kompyuta, nikaliona moja kwenye ukurasa wa duka fulani, picha kali, nikauliza kwenye komenti bei gani, jibu likaja "njoo inboksi". Nikaenda. Kimya. Kesho yake saa nne ndo anajibu "mambo", mambo tu, bei hamna! Nikamwambia poa, lile begi jeusi shingapi, akaniuliza we uko wapi kwanza. Nikaona huyu ananipima mfuko, nikaachana nae nikanunua kwa mwingine aliyeandika bei, saizi na rangi zilizobaki pale pale chini ya picha. Huenda la yule wa kwanza lilikuwa rahisi zaidi, sitajua. Na chini ya picha yake kulikuwa na watu kama 20 wameuliza swali langu hilo hilo na wote wamejibiwa vile vile, sasa si angeandika mara moja tu akapumzika?

Najua utetezi wao, eti washindani wataona bei. Jamani, mshindani akiitaka bei yako anatuma mtu ajifanye mteja, dakika mbili anayo. Anayefichwa hapo ni mteja peke yake. McCarthy, yule profesa wa Marekani aliyeyapanga mambo ya masoko kwenye mafungu manne mwaka 1960, yaani bidhaa, bei, mahali na matangazo, bei kaiweka humo humo, we unaichomoa halafu unalia soko gumu.

Halafu stetasi za WhatsApp. Kwa vile zinakaa masaa 24 tu basi mtu anajaza picha 50 kwa siku mpaka vile vimstari vya juu vinageuka nukta nukta, nani atabonyeza hadi mwisho? Watu wanakumyuti na hakuna atakayekuambia. Weka 3 au 4, moja iwe ya mtu anakitumia hicho kitu. Na zile meseji za kutuma kwa wengi kwa mpigo zinamfikia tu yule aliyesevu namba yako, kama hujawahi kumuomba mteja akusevu basi hapo unaongea peke yako.

Kununua wafuasi sitaki hata kuongelea, wafuasi elfu 10 laiki 6, kila mtu anaona. Kubusti posti, yaani kuilipia ionekane na watu wengi zaidi, haina shida ila usibusti posti isiyo na namba ya simu wala mahali ulipo, nimeshaona nyingi tu, hela imeenda na mteja hajui akupate wapi.

Wengi pia tunakimbizana na wateja wapya, waliokwisha kununua tunawasahau kabisa. Yule aliyeniuzia begi, wiki mbili baadae alinitumia meseji, "vipi zipu haisumbui?" Basi, hakuniuzia kitu siku hiyo. Nimeshampelekea wateja wawili.

Ni mimi msomaji wako wa kila siku.