Barua ya wazi kwa vijana wapenzi wa San Antonio Spurs kabla ya msimu wa 2025–26

Vijana wangu wapendwa,

Salamu kwenu nyote mlioko Lubumbashi, Goma, Bujumbura, Dar es Salaam na Nairobi, pamoja na ninyi mnaoishi Texas kwenyewe na mnaoweza kuingia uwanjani kwa tiketi. San Antonio Spurs, timu ya mpira wa kikapu katika ligi ya NBA ya Marekani, wanaanza msimu ugenini Dallas usiku wa tarehe 22 Oktoba 2025, ambao kwetu Afrika Mashariki utakuwa alfajiri ya tarehe 23. Nimeona ni wajibu wangu kuwaandikia kabla mpira haujarushwa juu, kwa sababu mazungumzo yenu ya miezi hii yamejaa swali moja tu, nalo ni Victor Wembanyama atafunga pointi ngapi kwa mchezo. Ninawaomba mliweke swali hilo kando. Timu hii itafika mbali au itaishia njiani kutokana na mambo mawili mengine: namna itakavyokilinda kikapu chake inapokuwa haina mpira, na mahali ambapo kijana huyo mrefu atakuwa anaupokea mpira inaposhambulia.

Wengi wenu mmeanza kuipenda Spurs mwaka 2023, ilipomchagua Wembanyama nambari 1 katika drafti, yaani uchaguzi wa kila mwaka ambao timu hujichagulia wachezaji wapya, kwa hiyo ni vyema mfahamu ni nyumba ya namna gani mliyoingia. Klabu hii ilitwaa ubingwa mara 5, mwaka 1999, 2003, 2005, 2007 na 2014, ikiongozwa na kocha mmoja, Gregg Popovich, na ilicheza hatua ya mtoano kwa misimu 22 mfululizo hadi 2019. Tangu hapo haijarudi huko. Ilishinda michezo 22 na kupoteza 60 katika misimu miwili iliyofuatana, kisha msimu uliopita ikashinda 34 na kupoteza 48. Anayewaambia kwamba mwaka huu ni ubingwa au ni aibu hajaangalia namba hizo. Kwa maoni yangu, kuingia hatua ya mtoano katika Kanda ya Magharibi, moja ya kanda mbili za ligi, ambako ndiko walipo mabingwa Oklahoma City Thunder walioshinda michezo 68 msimu uliopita, kutakuwa mafanikio makubwa na ya haki.

Sasa niwaeleze kwa nini ninasisitiza ulinzi. Msimu uliopita Wembanyama alizuia wastani wa mitupo 3.8 kwa mchezo, na hakuna mwingine katika ligi aliyemfikia, ingawa alicheza michezo 46 tu. Hata hivyo bloku hizo ndizo sehemu ndogo ya kazi yake. Mtazameni mpinzani anayempita mlinzi wake wa kwanza, akaingia ndani kwa kasi, akamwona Wembanyama amesimama chini ya kikapu, kisha akageuka na kuurudisha mpira nje bila kutupa. Tukio hilo haliandikwi popote katika karatasi ya takwimu, nalo hurudiwa mara nyingi katika mchezo mmoja. Kila linapotokea, sekunde za kushambulia zinapungua na mpinzani analazimika kutupa kutoka mbali akiwa na haraka. Mtakapoamka usiku kutazama, hesabuni mitupo ambayo haikutupwa, na hapo mtaelewa kwa nini makocha wanamwogopa hata siku anayofunga pointi 12.

Wazee wenu tuliliona jambo hili zamani kwa Dikembe Mutombo wa Kinshasa, Mungu amrehemu, aliyefariki Septemba 2024. Mwaka 1994 yeye na timu yake ya Denver, wakiwa wa nafasi ya 8 katika kanda yao, waliwaondoa Seattle waliokuwa wa kwanza katika hatua ya mtoano, na kilichowabeba ni kwamba hakuna aliyetaka kwenda kutupa mbele ya mkono wake. Wembanyama, ambaye baba yake anatoka Kongo, ana mkono mrefu zaidi ya ule, na ana miguu inayoweza kumfuata mchezaji mfupi hadi nje ya mstari wa pointi tatu, jambo ambalo Mutombo hakuwa nalo. Lakini ukuta wa mtu mmoja haukai. Akivutwa nje, nani anabaki chini? Ndiyo maana nimefurahi sana kuona klabu imemsajili Luke Kornet, mrefu aliyetwaa ubingwa na Boston mwaka 2024, ambaye hatafuti sifa wala hapotezi mpira. Usajili huo haukupigiwa kelele, na kwangu ndio ulio bora zaidi walioufanya katika majira haya ya joto baada ya drafti.

Kuhusu mashambulizi, nitasema wazi jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Msimu uliopita Wembanyama alitupa wastani wa mitupo 8.8 ya pointi tatu kwa mchezo, karibu nusu ya mitupo yake yote, na alifunga takriban asilimia 35. Asilimia hiyo si mbaya kwa mchezaji wa urefu wake, bali kila anaposimama nje akatupa, mlinzi wake anapumua kwa shukrani. Anapoupokea mpira hatua mbili au tatu kutoka kikapuni, mlinzi hana la kufanya isipokuwa kumsukuma, na kumsukuma ni kumpa mitupo huru. Wapinzani wamekwisha kujua hilo. Humpangia watu wafupi wenye nguvu, wenye kiuno cha chini, wamsogeze kidogo kidogo kutoka mahali alipotaka kusimama hadi akubali kutupa kutoka mbali huku anaanguka nyuma. Katika miezi ya mapumziko alikwenda kujifunza kwa Hakeem Olajuwon na Kevin Garnett, mabwana wa kucheza karibu na kikapu na kugeuka kwa miguu huku wamekipa kikapu mgongo. Mimi nitamtazama hapo kwanza. Akikubali kupigania nafasi yake ya ndani hata anapochoka katika robo ya nne, mashambulizi ya Spurs yatabadilika sura.

Hata hivyo hawezi kuupata mpira huko ndani mwenyewe. Sharti apewe, na apewe kwa wakati. Mwaka jana kazi hiyo ilikuwa ya Chris Paul, mzee wa kazi aliyecheza michezo yote 82 na ambaye sasa amekwenda timu ya Los Angeles Clippers. Mahali pake pamebaki vijana watatu wanaopenda kuushika mpira. De'Aaron Fox aliletwa kutoka Sacramento Februari 2025, ni miongoni mwa wenye mbio kali kuliko wote katika ligi, na mwaka 2023 alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa dakika za mwisho. Stephon Castle ndiye mchezaji bora chipukizi wa msimu uliopita, mwenye kifua cha kumkabili mtu yeyote. Dylan Harper, aliyechaguliwa nambari 2 katika drafti ya mwaka huu, ni mtoto wa Ron Harper aliyetwaa ubingwa mara 5 na timu za Chicago na Los Angeles. Ni neema kuwa na watatu kama hao, na ni mtihani pia, maana mpira ni mmoja na hakuna kati yao anayeogopwa sana kwa mitupo ya mbali. Castle alifunga asilimia 28.5 tu ya mitupo yake ya pointi tatu. Wapinzani watawaachia nafasi nje na kurundikana ndani kumzunguka Wembanyama, na mtaliona hilo katika wiki za mwanzo. Dawa yake ni kuwapa dakika nyingi Devin Vassell, Julian Champagnie na Harrison Barnes, watu ambao wakiachwa kwenye pembe ya uwanja wanatupa bila kusita. Ninaamini kocha ataona afadhali kucheza na wachezeshaji wawili kati ya watatu kwa wakati mmoja, na kumwacha wa tatu aongoze kikosi cha benchi pamoja na Keldon Johnson, ambaye amekubali kutoka benchi bila manung'uniko. Mkiona Harper anaanzia benchi, msimhurumie wala msimtukane kocha. Kijana huyo alifanyiwa upasuaji wa kidole gumba Septemba, na ana miaka mingi mbele yake.

Kocha mwenyewe, Mitch Johnson, anastahili subira yenu. Popovich alipatwa na kiharusi kidogo Novemba 2024 na Mei mwaka huu akaacha ukocha akiwa na ushindi 1,422 katika msimu wa kawaida, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa ligi hiyo aliyeifikia. Johnson aliishika timu ghafla, akaiongoza kwa michezo 77 bila kuwa na muda wa kupanga kitu chochote chake, na sasa ndiyo mara ya kwanza anaanza msimu akiwa na kambi yake mwenyewe. Tena fikirini kwamba Fox na Wembanyama wamewahi kucheza pamoja michezo 5 tu kabla ya madaktari kugundua damu iliyoganda katika mshipa wa bega la kulia la Wembanyama, mwezi Februari. Fox naye anaanza msimu huu akiuguza msuli wa nyuma ya paja. Kwa hiyo Novemba tutakuwa tunatazama watu wanaojifunza kuishi pamoja, na matokeo ya mwezi huo hayatatuambia mengi.

Kuhusu afya ya Wembanyama, ninawasihi mwe waungwana. Kanuni ya ligi inataka mchezaji acheze angalau michezo 65 ndipo afikiriwe kwa tuzo kubwa kama ile ya mlinzi bora, na msimu uliopita aliikosa kwa sababu hiyo. Madaktari walimruhusu kurudi uwanjani Julai. Siku watakapomwambia apumzike baada ya safari ya michezo miwili mfululizo, msiandike mtandaoni kwamba anaogopa au anawaibia mashabiki. Damu iliyoganda huua watu, na yeye ana miaka 21.

Kwa ninyi wa Lubumbashi nina neno la pekee. Katika benchi la Spurs yupo mzaliwa wa mji wenu, Bismack Biyombo, ambaye aliingia NBA mwaka 2011 na bado yumo. Huenda asicheze dakika nyingi msimu huu. Lakini mtazameni anavyosimama wakati wa mapumziko mafupi, anavyozungumza na wadogo zake, na mkumbuke kwamba baba yake alipofariki aliutoa mshahara wake wa msimu mzima katika timu ya Phoenix ili ijengwe hospitali nyumbani Kongo. Kocha anamweka mtu kama huyo kwa sababu, na timu changa hivi inamhitaji.

Na wale mnaobeti, ninawaomba kama baba: msiweke ada ya shule wala kodi ya nyumba juu ya timu hii. Timu ya vijana inayojifunza mfumo mpya humfunga bingwa Jumatatu na kufungwa na wa mwisho Jumatano, na hakuna mtu, hata kocha wake, anayeweza kuwaambia ni usiku upi.

Mchezo wa Dallas utawakutanisha na Cooper Flagg, kijana aliyechaguliwa nambari 1 mwaka huu, pamoja na Anthony Davis, mmoja wa warefu wachache wanaoweza kumsumbua Wembanyama ndani. Tazameni robo ya kwanza tu kwa makini, muone Wembanyama anasimama wapi timu yake inapovuka nusu ya uwanja, na ni nani anayempa mpira wakati Fox hayupo. Mkishaona, niandikieni mlichokiona, tukizungumze kabla ya mchezo wa pili.

Wenu katika kikapu,
Mzee wenu